Kabla ya Kuchimba, Tuulize: Somo la Maji kwa Wahandisi Wanafunzi na Sisi Wengine

Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, ukiacha uzito wa dumu lenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi na salama kwa siku, kutoka kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Sasa chukua kaya ya watu watano. Watano mara 25 ni lita 125, yaani madumu sita na ushee. Sema safari saba. Kama safari moja ya kwenda, kupanga foleni na kurudi inachukua nusu saa, hizo ni saa tatu na nusu kila siku. Na wote tunajua ni nani anayezitembea hizo safari.

Likizo ndefu inakaribia, na matangazo yameshaanza kubandikwa: wenzetu wa uhandisi wanatafuta wanachuo wa kwenda nao kijijini kusaidia mradi wa maji. Ni jambo jema kabisa. Lakini jambo jema nalo lina namna ya kufanywa likafanyika, na namna ya kufanywa likabaki picha tu kwenye simu. Mimi nasoma ualimu, sijui kuchomelea bomba. Ninachojua kidogo ni jinsi watu wanavyojifunza, na kadiri nilivyosoma habari za miradi ya maji, ndivyo nilivyoona kwamba mingi iliyokufa haikufa kwa kukosa mabomba. Ilikufa kwa sababu kuna mtu hakujifunza jambo fulani kwa wakati, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mwanakijiji.

Basi nimeyaandika makala haya kama andalio la somo. Mpaka mwisho, msomaji aweze: (a) kukokotoa mahitaji ya maji ya kijiji, (b) kueleza kwa nini maji maangavu si lazima yawe salama, (c) kueleza jinsi pampu isiyotumia mafuta wala umeme inavyofanya kazi, na (d) kutoa sababu za kusema "hapana" kwa mradi mbovu, hata kama mfadhili yupo.

Utangulizi: jambo hili lilianzaje

Wanafunzi kwenda vijijini na mabomba si jambo jipya. Mwaka 2000 profesa mmoja wa uhandisi ujenzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, nchini Marekani, aitwaye Bernard Amadei, alialikwa kutembelea kijiji cha San Pablo nchini Belize, Amerika ya Kati. Kijiji kilikuwa na watu wapatao 250. Alichokiona pale hata wewe umekiona: watoto, hasa wasichana, wanashinda wakibeba maji kutoka mtoni badala ya kuwa darasani. Mwaka uliofuata alirudi na wanafunzi wake wanane. Walifunga pampu inayoendeshwa na nguvu ya maporomoko ya maji yaliyokuwa karibu na kijiji, na mradi mzima uligharimu takriban dola 14,000 za Marekani. Kutokana na safari ile, mwaka 2002 likazaliwa shirika la Wahandisi Wasio na Mipaka la Marekani, ambalo leo lina vikundi katika vyuo vingi.

Hapa kwetu historia ni ndefu zaidi. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini: ifikapo 1991, kila kaya iwe na maji ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikuwa limefika. Serikali kuu ilikuwa ndiyo mjenzi, ndiyo mwenye mashine, ndiyo mnunuzi wa dizeli. Mashine ikizimika, kijiji kinasubiri. Sera ya 2002 ikabadilisha mwelekeo: wananchi wenyewe wawe wamiliki na wasimamizi wa miradi yao. Mwaka 2019 sheria mpya, Namba 5 ya mwaka huo, ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA tunayoisikia kila siku, na kuweka vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii chini ya uangalizi wake.

Pamoja na hayo yote, Wizara ya Maji ilipoorodhesha vituo vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba takriban vituo vinne kati ya kumi havitoi maji. Soma tena hiyo namba. Haisemi kwamba vituo vinne havijajengwa. Vimejengwa, vimezinduliwa, utepe umekatwa, halafu vimekauka. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kusaidia asianze na swali la "tujenge nini?" Aanze na hili: "Kilichojengwa kimekufa kwa nini?"

Maarifa mapya (1): hesabu kabla ya huruma

Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na pampu iliyopendwa na dunia nzima. Ilibuniwa Afrika Kusini. Ni pembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, pembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi. Wazo tamu, siyo? Mwaka 2006 wafadhili wakubwa wa Marekani waliahidi mamilioni ya dola, na lengo likawekwa la pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Pampu moja iligharimu takriban dola 14,000, yaani kama mradi mzima wa San Pablo.

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Waliosambaza pampu hiyo walisema inatoa lita 1,400 kwa saa na inaweza kuhudumia watu 2,500. Tuwape watu hao kiwango cha chini kabisa, lita 15 kila mmoja. Watu 2,500 mara lita 15 ni lita 37,500. Gawanya kwa 1,400. Jibu ni karibu saa 27. Yaani watoto wacheze saa 27 kwa siku, bila kulala, bila kwenda shule, na siku yenyewe ina saa 24! Ukitumia lita zetu 25, zinakuwa karibu saa 45.

Kilichotokea ndicho ambacho hesabu ilikuwa imeshasema. Watoto walichoka, wakina mama wakabaki kuisukuma ile pembea kwa mikono, wengine wazee, wengine wana mimba, na pampu ya mkono ya kawaida waliyokuwa wameizoea ilikuwa imeshang'olewa. Mpango ukaachwa kabla ya kufika popote karibu na 4,000. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila hesabu ya mistari mitatu ingetosha kuwaambia, na mama yeyote wa kijijini angewaambia hata bila hesabu.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kilula chetu cha kawaida. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250, sawa na madumu 312 na nusu. Koki ikijaza dumu moja kwa dakika mbili, unahitaji dakika 625, zaidi ya saa kumi mfululizo, bila mtu kupumzika wala kubishana kwenye foleni. Ukiambiwa "kijiji kina kilula kimoja, kinatosha", toa kalamu.

Maarifa mapya (2): maangavu na salama ni vitu viwili

Kuna kosa ambalo wasomi tunalifanya kuliko hata wanakijiji: kuyaamini macho. Bangladesh walilipia kosa hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1970 mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili watu waache maji machafu ya madimbwi yaliyokuwa yanaua watoto kwa kuhara. Maji ya visima yalikuwa baridi na maangavu. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba mengi yana aseniki, sumu ya asili iliyomo kwenye tabaka za ardhi, ambayo inamla mtu polepole kwa miaka. Haina rangi, harufu wala ladha.

Sisi tuna floraidi. Ukipita vijiji vya kuzunguka Mlima Meru utaona watu wenye meno ya kahawia, na wengine, ingawa wachache zaidi, wenye mifupa iliyopinda. Miamba ya volkano inatoa floraidi ndani ya maji, na pengine inazidi mara nyingi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Na hapa ndipo mwalimu wa afya anaweza kupotosha akiwa na nia njema kabisa: "Chemsheni maji." Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa. Lakini floraidi haiungui. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, na kila lita iliyobaki inakuwa nayo nyingi zaidi kuliko mwanzo. Ushauri uleule ni dawa kijiji hiki na ni hasara kijiji kile.

Dawa ya floraidi ipo, na imetafitiwa hapahapa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanya kazi miaka mingi na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ikichomwa vizuri inanasa floraidi. Na Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo sana za nano, linalobadilishwa kulingana na uchafu uliopo kwenye maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na taasisi ya kifalme ya wahandisi ya Uingereza. Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyolifikisha kwa watu: badala ya kugawa machujio bure na kuondoka, wajasiriamali wa mitaani wanayakodi na kuuza maji kwa bei ndogo. Chujio likiharibika, kuna mtu ambaye siku hiyohiyo anakosa hela. Huyo atalitengeneza.

Jambo la mwisho kuhusu usalama ni njia kati ya chemchemi na kikombe. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti wakiwemo Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia chemchemi zilizojengewa zege ili zisichafuliwe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba uchafuzi wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa karibu theluthi mbili. Lakini walipopima maji yaleyale ndani ya nyumba, upungufu ulikuwa karibu robo tu. Yamechafuka wapi? Kwenye ndoo, kwenye mtungi, kwenye kata inayochovywa na mkono wa kila mtu. Hata hivyo, kuhara kwa watoto kulipungua kwa kama robo, kwa hiyo kazi haikuwa bure. Ila injinia anayepima maji kwenye koki na kuandika "mradi umekamilika" amepima nusu ya safari.

Maarifa mapya (3): pampu inayojisukuma

Sasa turudi kwenye ile pampu ya San Pablo, kwa sababu ni mtambo mzuri sana wa kufundishia fizikia. Huku mafundi wengi wanaiita haidramu. Si uvumbuzi wa juzi: Mwingereza John Whitehurst alitengeneza ya kuendeshwa kwa mkono mwaka 1772, na Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier akatengeneza inayojiendesha yenyewe mwaka 1796.

Umewahi kufunga bomba la maji ghafla ukasikia "du!" ndani ya ukuta? Hilo ni pigo la maji. Maji yaliyokuwa yanakimbia yamezuiwa ghafla, na nguvu yake haina pa kwenda. Haidramu inaishi kwa pigo hilo. Maji ya kijito yanatelemka kwenye bomba la chuma mpaka kwenye mtambo, na mwanzoni yanamwagika nje kupitia vali ya kwanza. Yanavyozidi kupata kasi, yanaisukuma ile vali mpaka inajifunga kwa kishindo. Pigo linatokea, linafungua vali ya pili ya ndani, na maji kidogo yanasukumwa kwenye chemba yenye hewa. Hewa ile inabanwa kama springi, kisha inayasukuma maji kwenda juu mlimani kwa bomba jembamba. Presha ikishuka, vali ya kwanza inafunguka tena kwa uzito wake, na mchezo unaanza upya, mara 40 hadi 90 kwa dakika, usiku na mchana. Hakuna dizeli, hakuna luku.

Bei yake ni kwamba maji mengi yanarudi kijitoni na machache tu ndiyo yanapanda. Kanuni ni hii: maji yanayopanda ni sawa na maji yanayoingia, mara kimo cha kushuka, gawanya kwa kimo cha kupanda, halafu zidisha kwa ufanisi wa mtambo. Mfano: kijito kinaingiza lita 60 kwa dakika, maji yanashuka mita 4, tangi lipo mita 40 juu ya mtambo, ufanisi asilimia 60. Basi 60 mara 4, gawanya kwa 40, ni 6, mara 0.6 ni lita 3.6 kwa dakika. Inaonekana kidogo mno! Lakini mtambo haulali. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo ni lita 5,184 kwa siku. Gawanya kwa 25: watu 207.

Ukiwa Usambara, Upare au Uluguru, kwenye vijito na miteremko, hii ni zawadi. Ukiwa kwenye tambarare za Shinyanga, ni chuma tu. Hakuna pampu nzuri kila mahali. Anayekuja na pampu yake tayari kichwani amekuja na jibu kabla ya kusoma swali, na sisi wanafunzi tunajua mtihani wa namna hiyo unaishaje.

Bado kuna swali la watu wa bondeni. Kijito unachokitumia juu kinanywesha ng'ombe na bustani za watu wa chini, ndiyo maana kuna kibali cha kutumia maji kinachotolewa na bodi ya bonde. Kibali kisionekane kama usumbufu wa ofisini. Ni njia ya kumuuliza mtu wa chini ambaye hukualikwa kwenye mkutano wake.

Kuimarisha maarifa: nani anashika spana?

Shule niliyofanyia mafunzo kwa vitendo mwaka jana ilikuwa na pampu ya mkono uani, imekufa. Kipindi cha kwanza wasichana walikuwa wanaingia darasani mabega yamelowa, kwa sababu kabla ya paredi walishapeleka ndoo jikoni na kwenye nyumba za walimu. Mimi nafundisha, wao wanasinzia. Siku moja nikamuuliza mama mmoja mjumbe wa kamati ya shule pampu ile ina tatizo gani. Akanijibu kwa upole tu, "Mwalimu, waliotuletea walituachia pampu, hawakutuachia spana." Nikamuuliza kilichoharibika. "Raba ya ndani. Fundi alikuja na gari, akaondoka na gari. Duka linalouza hiyo raba hatulijui."

Raba, jamani! Ile pampu nzima ya chuma ilikuwa imekwama kwa kipande cha mpira.

Tatizo hilo lilishafikiriwa zamani. Miaka ya 1980, kazi iliyofanyika Malawi na Kenya ilizaa pampu ya Afridev, iliyobuniwa makusudi ili wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waweze kuifungua na kubadilisha vipuri kwa spana moja, bila kusubiri gari la mjini. Huo ndio uhandisi unaomheshimu mtumiaji. Lakini hata pampu rahisi namna hiyo inataka vitu vitatu ambavyo havimo kwenye mchoro: mtu aliyefundishwa akaifungua mwenyewe kwa mikono yake zaidi ya mara moja, duka linalofikika lenye kipuri, na mfuko wenye hela siku kipuri kinapohitajika.

Sisi wa ualimu tunaliona hapa somo letu la kila siku. Kumwonyesha mtu si kumfundisha. Fundi akifungua pampu mbele ya watu thelathini huku anaeleza, hao wametazama tu. Wamefundishwa pale ambapo mama aliyekuwa nyuma kabisa anapewa spana, anaifungua, anakosea, anaifunga tena, na mwezi ujao anarudia bila fundi kuwepo. Kwenye mtaala tunauita umahiri, tunaujibia mitihani, halafu tukifika kijijini tunatoa semina ya saa mbili na soda.

Tafakuri: je, si bora kitu kuliko hakuna?

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na si ya kijinga: "Sisi ni wanafunzi, tunajitolea, tunachangishana kwenye bumu. Hata mradi ukidumu mwaka mmoja, si watu wamepata maji mwaka mmoja?"

Nadhani jibu ni hapana, kwa sababu mradi ukifa haurudishi kijiji pale ulipokikuta. Watu wameshachanga. Wameshatoka msaragambo, wamechimba mitaro, wamebeba mchanga na kokoto. Njia ya kisima cha zamani imeota majani. Kamati iliyokusanya michango inaonekana imekula hela. Mwaka mwingine akija mtu mwenye mradi mzuri, mkutano wa kijiji utamsikiliza kwa adabu na hakuna atakayetoa hata shilingi mia tano. Tutakuwa tumetumia imani ambayo si yetu.

Nchini Malawi kuna mfano unaoumiza. Mwaka 2011 David Damberger wa Wahandisi Wasio na Mipaka wa Kanada alieleza hadharani kwamba mwenzake alikuta mradi wa maji ya mserereko uliojengwa kwa msaada wa Marekani, na zaidi ya nusu ya mabomba yake hayatoi maji baada ya muda mfupi. Hatua chache pembeni kulikuwa na mabomba mengine makavu: mradi karibu uleule, uliojengwa kwa msaada wa Kanada miaka kama kumi nyuma, ukafa kwa sababu zilezile. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Chama hicho cha Kanada kilianza mwaka 2008 kuchapisha kila mwaka ripoti ya miradi yake iliyoshindikana. Fikiria chama cha wanachuo kinachoweka kwenye jarida lake orodha ya mambo yaliyokwama! Lakini ndivyo tunavyojifunza. Mwalimu asiyesahihisha madaftari hajui kama amefundisha.

Tena tukubali jambo moja: sisi tunanufaika. Mwanafunzi wa uhandisi anapata uzoefu na mstari kwenye wasifu wake, sisi wengine tunapata safari na picha. Si dhambi. Ila kama faida yetu ni ya uhakika na faida ya kijiji ni ya bahati nasibu, basi tumekigeuza kijiji kuwa maabara, na walio ndani ya maabara hawakusaini popote.

Hitimisho: mapendekezo kwa klabu zetu

Sipingi safari za likizo. Nataka ziende vizuri, na ninapendekeza haya.

Kwanza, twende mara mbili kabla ya kupeleka hata bomba moja. Safari ya kwanza iwe ya kusikiliza: twende chanzoni na wanaochota, saa wanayochota wao, yaani alfajiri, siyo saa nne baada ya chai. Twende pia kiangazi, maana kijito cha Aprili na kijito cha Oktoba si kijito kimoja. Safari ya pili iwe ya kupima: kiasi cha maji, vijidudu, floraidi pale inapohusika, na ubora ndani ya ndoo nyumbani.

Pili, tuanze na vilivyokufa. Kabla ya kisima kipya, tuhesabu vituo vilivyopo, tuandike kila kimoja kimekufa kwa nini, tupeleke orodha kwa mtendaji wa kijiji, chombo cha watumia maji na RUWASA wilaya. Pengine kazi yetu ya likizo nzima itakuwa raba ishirini na spana tano. Haitapendeza kwenye picha, lakini maji yatatoka.

Tatu, timu iwe ya mchanganyiko. Mtu wa uhasibu aisaidie kamati kufungua daftari la mapato na matumizi ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Mtu wa sheria aeleze kibali cha maji na hati ya eneo la chanzo. Mtu wa sosholojia aulize kwa nini wakina mama wanakaa nyuma kwenye mkutano wakati wao ndio wachotaji. Na sisi wa ualimu tuandae mafunzo ambayo mwisho wake mtu anashika spana mwenyewe, na tuache somo la maji kwenye shule ya kijiji, kwa sababu mwanafunzi wa darasa la sita leo ndiye mjumbe wa kamati kesho.

Nne, turudi baada ya miezi 12, hata wawili tu kwa nauli ya basi, tufungue kila koki, kisha tuandike humu ndani ya jarida hili kile tulichokuta. Koki ngapi zinatoa, ngapi hazitoi, na kwa nini.

Zoezi. Kijiji kina watu 600. Kijito kinatoa lita 90 kwa dakika wakati wa kiangazi, maji yanashuka mita 5, tangi litakuwa mita 60 juu ya mtambo, ufanisi asilimia 60. (1) Haidramu moja itatosheleza watu wangapi kwa lita 25 kila mmoja? (2) Wanaobaki watapata wapi maji? (3) Andika maswali matano utakayowauliza wanakijiji kabla ya kuwaonyesha mchoro wowote, na utaje utamuuliza nani kila swali. Swali la kwanza lina jibu moja, na linapatikana kwa kalkuleta ya simu. La pili na la tatu majibu yake yapo kijijini, kwa hiyo anayejiandikisha kwa safari ya likizo hii aje na maswali yake matano kwenye kikao cha kwanza.